Mwaliko wa Harusi Charleston: Ajuayo Mgeni Kabla ya Safari na Akiwa Huko



AlhamduliLlaah, na sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad, ahli zake na Maswahaba zake. Ama baad.

Jamaa zetu wametawanyika duniani. Vijana waliotoka Unguja na Pemba kwenda kusoma Marekani wengine wamebaki huko kwa kazi, na sasa wanaoa na kuolewa huko huko. Kadi za harusi zinatufikia kwenye simu, na mara nyingine mji ulioandikwa ni Charleston, katika jimbo la Carolina Kusini. Ni mji wa zamani ulio pwani ya kusini ya Marekani, na Wamarekani wenyewe husafiri kutoka majimbo mengine kwenda kufanyia harusi zao hapo kwa uzuri wake.

Swali linalokuja pamoja na kadi hizo ni la namna hii: "Kijana wetu anaoa huko. Nikaha itafungwa msikitini, lakini karamu itafanywa katika shamba la zamani nje ya mji. Tumesikia kuwa shamba hilo lilikuwa la watumwa. Upande wa mke wapo wasiokuwa Waislamu, na pombe inaweza kuwepo. Je, twende? Na tukienda, tujiweke vipi?"

Jibu kwa ufupi ni kuwa asiyeweza kwenda ana udhuru na hana dhambi. Mwenye uwezo anafaa kwenda, kwa masharti tutakayoyataja. Na anayekwenda ni vyema ajue anakanyaga ardhi gani, kwani Charleston si mji wa kupiga picha tu. Sasa tuingie katika maelezo.

1. HUKUMU YA KUITIKIA MWALIKO

Katika madhehebu yetu ya Shafi, kuitikia mwaliko wa walima ya ndoa ni wajibu kwa aliyealikwa yeye mwenyewe, maana Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) ameamrisha anayealikwa aende. Lakini wajibu huu una masharti, na wanavyuoni wametaja nyudhuru zinazouondoa: maradhi, umbali wenye mashaka, na kuwepo munkar ambao mgeni hawezi kuuondoa.

Safari ya kutoka visiwani hadi Carolina Kusini ni ya ndege kadhaa na gharama zake ni kubwa. Kwa hiyo mtu asiuze kiwanja wala asikope kwa ajili ya harusi, hata ikiwa ni ya mtoto wa ndugu yake. Atume dua, atume zawadi, azungumze na maharusi kwa simu. Hilo linamtosha.

Ama mwenye uwezo, tunamshauri aende, kwa sababu ya kuunga udugu. Fikiria kijana wetu anasimama siku hiyo, na upande wa mke wamejaa wazee, wajomba na shangazi, na upande wake hayupo hata mtu mzima mmoja. Wakwe zake watamchukulia kuwa hana watu. Mzee mmoja tu aliyetoka kwao na kukaa mbele kwa heshima anamjengea kijana hadhi ambayo zawadi haiwezi kuijenga. Hilo lina uzito mbele ya Allaah, na lina uzito katika maisha ya ndoa yenyewe.

2. KUISOMA KADI NA KUPANGA SAFARI

Harusi za huko haziendi kama zetu. Hapa kwetu mwaliko ukifika kwenye nyumba umefika kwa nyumba nzima, na jirani naye haulizwi amekuja na nani. Huko walioalikwa ni wale tu walioandikwa majina. Viti vimehesabiwa, na kila sahani ya chakula imeshalipiwa. Kama kadi imemtaja Bwana na Bibi, msichukue watoto wala shangazi bila ya kuuliza.

Kadi itakutaka ujibu kabla ya tarehe fulani kama utakuja au hutokuja. Jibu mapema, na ukisema utakuja, timiza. Mara nyingi utatakiwa pia uchague chakula, na hapo ndipo pa kuandika kuwa unataka samaki au mboga. Saa nayo iangalie vizuri: ikiandikwa 5:00 p.m. ni saa 11 jioni, na wataanza saa 11 hasa. Mgeni anayefika saa 12 atakuta mambo yamekwisha, na hakuna atakayemcheka kwa upole.

Maharusi pia huwekesha vyumba katika hoteli kwa bei nafuu kwa ajili ya wageni wao, na nafasi hiyo huwa na siku ya mwisho. Ikipita, utalipa bei ya kawaida, na katika msimu wa harusi Charleston bei hupanda sana. Msimu wenyewe ni kati ya Machi na Mei, na tena vuli yao, kuanzia mwisho wa Septemba hadi Novemba.

Kuhusu viza, usinunue tiketi kabla hujaipata. Mwaka 2025 Marekani ilikaza masharti kwa raia wa nchi nyingi, Tanzania ikiwemo, na masharti haya hubadilika. Uliza Ubalozi wa Marekani Dar es Salaam moja kwa moja, wala usitegemee maneno ya mtaani au ya dalali. Walio na viza halali, au wanaoishi Uingereza, Kanada na Omani kwa pasi za huko, nao wahakikishe kabla ya kulipa. Mwanamke asafiri na mumewe au maharimu wake.

Ndege kutoka Zanzibar hupitia miji kama Doha, Istanbul au Addis Ababa, kisha Atlanta au Washington, na hapo unachukua ndege ya ndani hadi Charleston. Uwanja wa ndege uko North Charleston, kiasi cha kilomita 20 kutoka mji wa kale. Wazee wenye sukari na presha wachukue dawa za kutosha pamoja na karatasi ya daktari, kwani matibabu huko ni ghali mno.

Hali ya hewa haitokushangaza sana. Julai joto linafika nyuzi 32 na zaidi, na unyevu wake ni kama wa kwetu. Usiku wa Disemba na Januari, lakini, baridi ni kali, kwa hiyo chukua koti. Msimu wa vimbunga unaanza tarehe 1 Juni mpaka tarehe 30 Novemba. Mwezi Septemba 1989 kimbunga Hugo kiliipiga Charleston na kuiharibu vibaya. Anayekwenda miezi hiyo achukue tiketi inayoweza kubadilishwa tarehe. Na mji wenyewe uko chini, baina ya mito miwili, Ashley na Cooper, hivyo bamvua kubwa huleta maji ya bahari mpaka barabarani. Ukiambiwa barabara fulani imejaa maji na mvua haikunyesha, usidhani ni mzaha.

3. MJI WENYEWE NI UPI

Waingereza waliuanzisha mwaka 1670 na wakauita kwa jina la mfalme wao, Charles wa Pili. Jina la Charleston lenyewe limekuwepo tangu 1783. Wenyeji huuita pia Mji Mtakatifu, kwa wingi wa minara ya makanisa yake.

Mtu wa Mji Mkongwe atajikuta anaufahamu haraka. Njia za zamani ni nyembamba, nyengine zimetandikwa mawe, kama Chalmers Street, basi akina mama wasivae viatu vya visigino wakiwa wanatembea. Nyumba nyingi za kale zimejengwa kwa upana wa chumba kimoja tu upande wa barabarani, na baraza ndefu imepita ubavuni ili nyumba ipate upepo wa bahari. Wenye kujenga pwani yenye joto hufikia fikra zinazofanana.

Lakini utajiri uliozijenga nyumba hizo ulitoka wapi? Ulitoka katika mpunga, na baadaye pamba, na mpunga huo ulilimwa na watumwa. Wazungu wa Carolina hawakuwa wajuzi wa kilimo cha mpunga cha kwenye mabwawa. Wajuzi walikuwa Waafrika waliochukuliwa kutoka pwani ya Afrika Magharibi, kuanzia Senegal na Gambia mpaka Sierra Leone, ambako mpunga umelimwa karne nyingi. Walichukuliwa pamoja na elimu yao, kisha elimu hiyo ikamtajirisha aliyewamiliki.

Inakadiriwa kuwa karibu watu 4 katika kila 10 walioletwa utumwani Amerika ya Kaskazini waliingia kupitia bandari ya Charleston. Gati kubwa kabisa iliitwa Gadsden's Wharf. Sheria ya kuzuia kuingiza watumwa wapya ilianza kufanya kazi tarehe 1 Januari 1808, na miaka michache kabla ya tarehe hiyo wafanyabiashara walishindana kushusha watu wengi iwezekanavyo. Utumwa wenyewe uliendelea mpaka vita vya wenyewe kwa wenyewe, vita ambavyo risasi zake za mwanzo zilipigwa hapo hapo bandarini, katika ngome ya Fort Sumter, mwezi Aprili 1861.

4. KARAMU KATIKA SHAMBA LA WATUMWA

Nje ya mji yapo mashamba ya zamani yenye majumba makubwa, bustani, na miti mikubwa iliyopangwa safu mbili. Boone Hall, iliyoko Mount Pleasant ng'ambo ya mto Cooper, safu yake ilianza kupandwa mwaka 1743. Karibu na safu hiyo vimebaki vibanda 9 vya matofali walivyokaa watumwa. Bibi harusi anaposhuka garini kwa ajili ya picha, vibanda vile viko karibu yake.

Wamarekani wenyewe wamelijadili jambo hili. Mwigizaji Ryan Reynolds na mkewe Blake Lively walifanya harusi yao Boone Hall mwaka 2012, na mwaka 2020 Reynolds alisema hadharani kwamba wanajuta sana. Kwa hiyo swali la familia zetu si la wasiwasi wa bure.

Sasa hukumu yake ni ipi? Asili ya mahali ni halali. Dhulma iliyofanywa juu ya ardhi miaka 200 iliyopita haiifanyi karamu ya halali kuwa haramu, na maharusi hawabebi mzigo wa wenye shamba wa zamani. Hakuna nafsi inayobeba dhambi ya nafsi nyingine. Kwa hiyo hatuwezi kumwambia mtu kuwa kuhudhuria hapo ni haramu.

Lakini kuna hukumu na kuna adabu. Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) alipopita na Maswahaba zake katika makazi ya Thamud, aliwakataza wasiingie kwa mzaha, bali waingie hali ya kulia. Hao walikuwa watu walioadhibiwa, na hatusemi kuwa shamba la Carolina lina hukumu hiyo. Tunachojifunza ni kwamba mahali pana adabu yake kwa yale yaliyotokea hapo, na Muislamu haingii kila pahala kwa uso mmoja.

Kwa hivyo tunashauri haya:

Kwanza, zungumza na kijana mapema, kabla hajalipa. Mwambie kwa upole kuwa mji una kumbi nyingi, hoteli na bustani za kando ya maji zisizokuwa na historia hiyo. Pengine yeye mwenyewe hakujua, au aliona haya kuwapinga wakwe. Neno la mzee humpa sababu ya kulisema.

Pili, kama malipo yamekwishafanyika na mambo hayarudi nyuma, usimuaibishe siku ya furaha yake. Nenda. Muombe jambo moja tu, kuwa vibanda vya watumwa visifanywe pazia la picha wala mahali pa kuchezea.

Tatu, fika mapema, na kabla ya kuingia ukumbini pita kwenye vibanda hivyo. Simama. Miongoni mwa waliochukuliwa kutoka Senegal na Gambia walikuwemo Waislamu, waliokufa bila ya wa kuwaosha wala wa kuwasalia. Waombee dua Waislamu waliofia katika ardhi ile. Ni dakika tano tu, na watoto wako watazikumbuka kuliko keki.

Nne, ukitaka kusali nje, uliza kwanza kama hapana makaburi, maana makaburi ya watumwa mengi hayana alama yoyote, na sisi tumekatazwa kusali makaburini. Hata katikati ya mji yalikuwa hayajulikani. Mwaka 2013, wakati wa ujenzi wa jumba la Gaillard, yalipatikana mabaki ya watu 36 wenye asili ya Kiafrika waliozikwa hapo katika karne ya 18, na hapana aliyekuwa akijua kuwa wapo. Walizikwa upya kwa heshima mwaka 2019.

Na tano ni juu yetu sisi wenyewe. Ukisema unatoka Zanzibar, mtu atakuuliza kuhusu soko la Mkunazini. Usimkatalie. Soko lile lilifungwa mwaka 1873 kwa mkataba alioutia saini Sayyid Barghash, na mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba yalilimwa na watumwa mpaka 1897 ilipotoka amri ya kuufuta utumwa. Wenye mashamba hayo walikuwemo watu wanaosali. Mwenye kumhukumu mwenziwe na kujisahau hapokelewi ushahidi wake. Sema kweli, na useme kuwa Uislamu ulihimiza kuacha watu huru, na kwamba wengi wetu hatukulitimiza hilo.

Kwa sababu hiyo hiyo chunga ulimi. Katika wageni watakuwemo Wamarekani weusi, na huenda bibi harusi mwenyewe ni mmoja wao. Maneno ya utani yanayopita barazani kwetu kuhusu rangi, nywele na asili ya mtu yasitoke mdomoni mwako hata kwa Kiswahili, ukidhani hawasikii. Hao ni wakwe zako.

5. SALA

Qibla cha Charleston ni kaskazini-mashariki. Wengi wetu kwa mazoea huelekea kaskazini, kwa hivyo hakikisha kwa dira au kwa programu ya simu.

Saa zao ziko nyuma ya zetu kwa saa 7 wakati wa kiangazi na saa 8 wakati wa baridi. Jua lao nalo si kama letu. Sisi tumezoea Magharibi baina ya saa 12 na saa 1 kasoro mwaka mzima. Huko mwishoni mwa Juni jua linazama kiasi cha saa 2 na nusu usiku, na Disemba linazama kama saa 11 na robo jioni. Usikisie, angalia ratiba ya siku hiyo.

Kupunguza sala kunategemea nia ya kukaa. Kwa madhehebu ya Shafi, anayenuia kukaa mahali siku 4 kamili, bila ya kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka, hapunguzi. Mfano: ukifika Alkhamisi na kuondoka Jumatatu, siku kamili ni Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, yaani 3. Unapunguza na unaweza kukusanya. Ukifika Jumatano na kuondoka Jumatatu, siku kamili ni 4. Unasali kamili tangu ulipofika. Watu wengi wanakosea hapa kwa kuhesabu siku zote.

Kwa msafiri, karamu ya saa 11 jioni ni nyepesi: sali Adhuhuri na Alasiri hotelini kabla ya kutoka, na Magharibi na Isha kwa pamoja utakaporudi. Ama asiyekuwa na ruhusa ya kukusanya, Magharibi ya kiangazi itamkuta katikati ya chakula. Mwambie bwana harusi wiki moja kabla akutafutie chumba kidogo. Ni jambo jepesi likisemwa mapema, na huwa zito likisemwa wakati watu wamekaa mezani.

Ijumaa si wajibu kwa msafiri, lakini Charleston ina misikiti, na kusali na Waislamu wa pale ni kheri. Mwenyeji wako atakuelekeza.

6. CHAKULA NA VINYWAJI

Chakula cha Charleston kina asili ya Afrika, na ukikiangalia utakijua: wali, bamia, kunde, kamba, samaki. Tatizo ni kwamba nguruwe ameingia ndani ya vyungu ambavyo hukumtarajia.

Kamba wanaopikwa na uji mzito wa mahindi, wanaouita shrimp and grits, mara nyingi hutiwa nyama ya nguruwe. Wali mwekundu wa nyanya, kunde za Hoppin' John, na mboga za majani za collard kwa desturi hupikwa na mifupa au vipande vya nguruwe. Mikate midogo ya biscuits nyengine hukandwa kwa mafuta ya nguruwe. Supu ya kaa, she-crab soup, hutiwa mvinyo, na kaa mwenyewe kwa kauli mashuhuri katika madhehebu yetu haliwi. Kwa hiyo usiseme "mimi sili nguruwe" tu. Uliza: imepikwa na nini? Samaki wa kuchoma na wali mweupe ndiyo salama yako.

Kuhusu pombe, kuwepo kwake katika ukumbi ni munkar. Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) amekataza kukaa kwenye meza inayozungushwa pombe. Njia ya kulitatua ni kuzungumza na kijana kabla. La bora ni karamu isiyokuwa na pombe kabisa, na hilo ni jukumu lake yeye kama Muislamu mwenye karamu, kwani haifai aigharamie wala kuitoa. Wapo vijana waliowaeleza wakwe zao na wakakubaliwa bila ya ugomvi.

Kama pombe inatolewa na upande wa pili na haikuweza kuzuilika, basi hudhuria nikaha msikitini, wape maharusi mkono, wape dua, na usikae mahali inaponywewa. Baadhi ya familia hupanga chakula cha mchana kwa jamaa wa Kiislamu siku hiyo au siku ya pili yake. Hiyo nayo ni walima, na ndani yake haki ya mwaliko imetimia.

Tahadhari moja ya usafiri: mashamba yako mbali na mji, na mabasi ya kukodi ya wageni hurudi mwisho wa sherehe. Anayetaka kuondoka mapema lazima awe na gari yake au miadi na dereva. Bila ya hivyo utabaki hapo mpaka muziki uishe, utake usitake.

7. MAVAZI NA ZAWADI

Kanzu safi, koti na kofia ni vazi la heshima popote, na huko litapendwa. Mama avae nguo yake ya sitara na mtandio bila ya wasiwasi. Jambo moja tu wakina mama walijue: kwao nguo nyeupe ni ya bibi harusi peke yake, na mgeni akivaa nyeupe huhesabiwa ni utovu wa adabu. Wanaume hawahusiki na hilo.

Maharusi huandikisha dukani orodha ya zawadi wanazozihitaji. Unaweza kuchagua humo, au kutoa fedha ndani ya bahasha. Kutoka nyumbani chukua kitu kidogo chenye maana, kama mkeka wa kusalia uliosukwa vizuri, au karafuu. Mikahawani, mhudumu hutarajia bakhshishi ya asilimia 15 mpaka 20, kwa kuwa ujira wake mkubwa uko hapo. Ihesabu katika bajeti yako.

8. SIKU MOJA YA ZIARA

Usirudi bila ya kutenga japo siku moja.

Anza na Makumbusho ya Kimataifa ya Wamarekani wenye Asili ya Afrika, yaliyofunguliwa Juni 2023 pale pale ilipokuwa gati ya Gadsden's Wharf. Jengo limeinuliwa juu ya nguzo, na chini yake kuna sakafu ya maji yenye maumbo ya watu waliolazwa ubavu kwa ubavu kama walivyopangwa melini. Kisha nenda Old Slave Mart, Chalmers Street, mahali ambapo watu walinadiwa ndani ya jengo baada ya mji kupiga marufuku, mwaka 1856, mnada wa watumwa mabarabarani.

Sokoni, City Market, utawakuta wakina mama wa Kigullah wakishona vikapu vya majani kwa mkono. Wagullah ni kizazi cha watumwa wa mpunga waliobaki katika visiwa vya pwani ile na kuhifadhi lugha yao na mengi ya wazee wao. Mtu wa visiwani aliyemuona bibi yake akisuka ukili atasimama hapo muda mrefu. Vikapu ni ghali kwa sababu kimoja huchukua siku au wiki. Ukinunua usivunje bei sana.

Na ukiwa kwenye gati, mkumbuke Omar ibn Said. Alizaliwa karibu mwaka 1770 Futa Toro, kando ya mto Senegal, akasoma kwa masheikh wa kwao kiasi cha miaka 25. Akatekwa, na mwaka 1807 akashushwa Charleston na kuuzwa. Alimkimbia bwana mkatili, akakamatwa Fayetteville, Carolina Kaskazini, mwaka 1810, na akiwa jela akaandika Kiarabu ukutani. Mwaka 1831 aliandika khabari za maisha yake kwa Kiarabu, naye bado ni mtumwa. Hakuanza kwa jina la bwana wake. Alianza kwa Suratul-Mulk, sura inayosema ufalme wote uko mikononi mwa nani.

Kumbukumbu za huko zinasema kuwa alibatizwa, na watafiti wanabishana juu ya yaliyokuwa moyoni mwake. Hilo tunamwachia Mola wake. Alikufa katika utumwa akiwa na umri wa miaka zaidi ya 90. Maandishi yake leo yamehifadhiwa katika Maktaba ya Bunge la Marekani, Washington, na yanasomeka kwa yeyote aliyepita chuoni.

Basi wewe utakayeshuka Charleston kwa ndege, na pasi mfukoni, na jamaa wanakusubiri kwa mashada, jua kuwa alitangulia kushuka hapo mtu aliyehifadhi Qur-aan kama uliyohifadhi wewe, naye hakuna aliyemsubiri isipokuwa dalali. Kashukuru neema uliyopewa, kawaombee maharusi wetu baraka na wakusanyike katika kheri, na kijana wetu umfundishe hilo kabla hamjaagana.

Wallaahu a'lam. Wabillaahi tawfiyq.